Gramu kumi za udongo

Muhula wa machipuko umekwisha. Mitihani imesahihishwa, mabeleshi yamerudishwa stoo, na rafu ya maabara bado imejaa mifuko ya sampuli. Nafundisha sayansi ya udongo katika chuo cha kilimo, na kila muhula ukiisha hupitia daftari langu la shambani. Safari hii nimekwama kwenye ukurasa wa wiki ya tano.

Wiki hiyo wanachuo walichukua sampuli katika shamba la mafunzo. Majibu ya kundi moja yalionyesha fosforasi nyingi mno, mara kadhaa zaidi ya walivyopata wenzao waliopima shamba lilelile. Waliandika ripoti safi, wakashauri mbolea ya fosforasi isiwekwe kwa misimu mitatu. Hesabu zao hazikuwa na doa. Nikawaambia wanionyeshe walipochimba. Vishimo vyote vilikuwa kando ya njia, pale palipokuwa pakirundikwa samadi miaka ya nyuma. Udongo wa pale ni laini, beleshi linazama lenyewe, na kila aliyechoka angechimba hapo.

Kosa hilo lilikuwa langu kabla halijawa lao. Nilikuwa nimewaeleza ubaoni tu, sikushika beleshi mbele yao.

Tulirudi darasani tukapiga hesabu. Hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, ni mita za ujazo 2,000. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu wa shamba ina uzito wa tani 1.3 hivi, kwa hiyo hapo pana tani 2,600. Sisi tunapeleka maabara nusu kilo, na fundi wa maabara anapima gramu 10 kwa ajili ya pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo. Gramu hizo 10 ndizo zinazosemea kilo 2,600,000. Darasa lilinyamaza kimya.

Ndiyo maana nasisitiza vishimo 15 hadi 20, ukitembea kwa kupindapinda shamba zima na kukwepa njia, mipaka, vivuli vya miti na mahali palipochomwa takataka. Ndoo iwe ya plastiki, maana ya bati huachia zinki na kuharibu kipimo. Changanya udongo wote, utandaze, ugawe mafungu manne, ondoa mawili yanayotazamana. Rudia mpaka ibaki nusu kilo. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna mashine ya maabara inayoweza kurekebisha sampuli iliyochukuliwa ovyo. Makosa yake ni ghali pia: pH 5 na pH 6 zinaonekana jirani kwenye karatasi, lakini udongo wa pH 5 una asidi mara kumi zaidi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, nayo fosforasi unayoweka hushikwa na mmea usiipate. Hapo unahitaji chokaa kwanza.

Siku niliyoifurahia kuliko zote ilikuwa ya maharage. Mwanachuo mmoja aling'oa mche, akautazama mzizi, akasema, "Mwalimu, huu hauna vinundu." Nikamwomba achimbe wa pili kwa kuuzunguka, autoe na bonge lake la udongo, kisha auloweke kwenye ndoo ya maji. Udongo ulipomomonyoka, vinundu vilionekana vimejipanga mzizini. Vya mche wa kwanza vilikuwa vimekatika na kubaki ardhini. Alipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu cha waridi, rangi inayoonyesha kwamba bakteria wamo kazini wakinasa naitrojeni ya hewani. Tulipohamia kitalu kilichowekwa mbolea nyingi ya naitrojeni, vinundu vilikuwa vichache na vimepauka: mmea ulioshiba hauna haja ya kuwalisha bakteria. Tulichelewa kurudi kwa saa nzima, wala hakuna aliyelalamika.

Kundi la wiki ya tano lilirudia sampuli, na fosforasi yao ikalingana na ya wenzao. Muhula ujao zoezi hilo nalihamishia wiki ya kwanza, kabla ya somo lolote la ubaoni, na kila ripoti itakuja na ramani ya vishimo.

Leo nimeanza kuifungua mifuko iliyobaki rafuni. Yote ina namba ya kundi na tarehe. Mitatu tu imeandikwa mahali ilipotoka, na hiyo nimeiweka kando.