Mabano Yaliyosahauliwa Kwenye Hoja za PHP Huvujisha Data ya Wageni

Msimu wa wageni ukikaribia, wenye nyumba za kulala wageni Malindi, Watamu na hata Shela kule Lamu huharakisha kuongeza mambo mapya kwenye mifumo yao ya kuweka nafasi. Hapo ndipo malalamiko yanapozidi kwenye dawati letu la usalama wa mifumo: mwenye nyumba anafungua ukurasa wa wageni anaowadai, anakuta majina na nambari za pasipoti za wageni wa jirani yake. Tunaamini wanaprogramu wanaohusika wana nia njema. Kosa lenyewe huwa ni lile lile.

Mifumo mingi ya aina hii imeandikwa kwa Eloquent ya Laravel au kwa Doctrine, maktaba za PHP za kuzungumza na hifadhidata, na data za nyumba nyingi hukaa katika hifadhidata moja. Tuseme unawataka wageni wa nyumba nambari 7 wanaofika Desemba au wenye deni. Unaandika where ya nyumba, where ya mwezi, kisha unamalizia na orWhere ya deni. Ukiisoma, hoja hiyo (query, yaani ombi la data kwa hifadhidata) haina kasoro. Lakini katika SQL, lugha ya hifadhidata, AND ("na") hutangulia OR ("au"), kwa hiyo sharti la nyumba limeshikamana na mwezi peke yake, na kila mwenye deni analetwa, awe wa nyumba yoyote. Masharti ya "au" yafungwe pamoja:

Mgeni::where('nyumba_id', $nyumba)
    ->where(function ($h) {
        $h->where('mwezi', 12)->orWhere('deni', '>', 0);
    })->get();

Funksheni ya ndani ndiyo inayoweka mabano. Kwenye Doctrine, jenga "au" kwa orX kisha uipitishe yote ndani ya andWhere moja. Afadhali zaidi, sharti la nyumba liwe skopu ya jumla (global scope) ya modeli, yaani sharti la kudumu la darasa linalowakilisha jedwali, ili liongezwe kwenye kila hoja bila kumtegemea aliyeandika ukurasa. Hoja zinazopitia DB::table, zinazoliendea jedwali bila modeli, hazipati skopu hiyo. Zikague moja moja. Halafu jaribu: weka nyumba mbili za majaribio, kila moja na mgeni mwenye deni, ingia kama mwenye nyumba ya kwanza. Ukimwona mgeni wa pili, usipeleke mfumo hewani.

Kuna dhana nyingine ambayo haina budi kuachwa: kwamba anayetumia ORM (maktaba kama Eloquent na Doctrine) hawezi kudungwa SQL, yaani mshambulizi kupenyeza amri zake ndani ya hoja. Si kweli, na tumelieleza hili mara nyingi. Maktaba hulinda thamani unazoipa kama vigezo. Ukiunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya whereRaw, inayopokea SQL ghafi, umeuondoa ulinzi huo kwa mkono wako. Andika jina kama Ng'ang'a kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukurasa ukivunjika kwa sababu ya kile kibainishi ('), mlango uko wazi. Tumia alama ya ? na upitishe thamani pembeni. Majina ya safu za jedwali hayawezi kupitishwa kama vigezo, kwa hiyo anayechagua mpangilio wa orodha achague kutoka majina uliyoyaruhusu wewe.

Sasa sheria. Yafuatayo ni maelezo ya jumla, si ushauri kwa kesi mahususi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mhusika, anayesimamia data (hapa, mwenye nyumba) humjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Akichelewa, aambatanishe sababu. Wageni wenyewe nao hujulishwa kwa maandishi: uvujaji ulikuwa wa aina gani, hatua gani zimechukuliwa, wao wafanye nini kujikinga, na wawasiliane na nani. Faini ya kiutawala hufikia shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka wa fedha uliotangulia, ile iliyo ndogo. Kwa makosa ambayo sheria haikuyawekea adhabu mahususi, mahakama inaweza kutoza hadi shilingi milioni 3, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili.

"Mimi nina vyumba vinne tu" si kinga. Kanuni za 2021 za usajili wa wanaotunza data huwasamehe wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10, lakini biashara za malazi na ukarimu hazimo katika msamaha huo. Cheti cha usajili hudumu miezi 24.

Mwanaprogramu unayetunza mfumo kwa niaba ya mwenye nyumba, ukigundua uvujaji una saa 48 za kumwarifu. Mpigie kabla hujaanza kurekebisha hoja, na usifute kumbukumbu za seva: bila hizo hakuna atakayejua ni wageni wepi wa kujulishwa.