Daktari wa familia sio daktari "wa kawaida tu"

Kuna dhana nyingi potofu kuhusu daktari wa familia. Nianze na ile inayoniudhi zaidi, eti ni yule aliyeshindwa kusomea ubingwa akabaki hapo hapo. Jamani, huo wenyewe ni ubingwa! Marekani waliutambua rasmi tangu 1969, na nchi nyingi mtu akishamaliza udaktari anarudi tena darasani na wodini miaka kadhaa ndo aitwe hivyo. Tofauti ni kwamba bingwa wa moyo anaujua moyo, huyu anakujua wewe, yaani presha yako ya mwaka juzi, dawa iliyokutoa vipele, mama yako aliugua nini, kazini unavuta vumbi gani.

Wengine watakwambia afya ya watu iko hospitali kubwa, huku chini kwa daktari wa familia ni kupoteza muda. Mwaka 1961 daktari mtafiti wa Marekani, Kerr White, na wenzake walipiga hesabu wakaona kwamba kati ya watu wazima 1000, ndani ya mwezi mmoja kama 750 wanajisikia kuumwa, 250 wanaenda kwa daktari, 9 wanalazwa, na mmoja tu ndo anafikishwa hospitali ya chuo kikuu. Sasa hao wengine wote nani anawaangalia?

Halafu kuna hii ya kwamba ni daktari wa matajiri, wa kuitwa nyumbani. Mbona Cuba walipoanza mpango wao wa madaktari wa familia 1984 walimweka daktari na nesi wake katikati ya makazi ya watu wa kawaida kabisa.

Dhana ingine, unamfuata ukiumwa tu. Hapa ndo watu wanapoteza sana, kwa sababu presha na sukari zinaweza kukaa mwilini miaka bila kukuuma popote. Kule Wales, kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, Dk. Julian Tudor Hart hakusubiri mtu aje analalamika, alipima presha za karibu watu wazima wote wa kijiji, hata waliokuja kwa kikohozi au kidonda, na ukifikiria hiyo ndo kazi yenyewe, kuwatafuta wasiojijua. Pia chanjo, kliniki ya wajawazito, vipimo vya saratani, yote yanapita kwa daktari wa familia.

"Daktari ni daktari, leo huyu kesho yule." Sio kweli sana. Norway walifuatilia mamilioni ya wagonjwa wakakuta waliokaa na daktari yule yule zaidi ya miaka 15 walilazwa kwa dharura pungufu kwa kama asilimia 28, na vifo pungufu kwa kama asilimia 25, ukilinganisha na waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Haimaanishi daktari peke yake ndo sababu, ila tofauti ni kubwa.

Na asipokuandikia dawa hajakupunja! Mafua ni virusi, antibayotiki hazigusi virusi, sasa akikwambia "pumzika, ikizidi siku kadhaa rudi nikuone" ameshakutibu, na kukuangalia tena ni kipimo pia.

Ila wapo wanaopitiliza upande wa pili, wanadhani kila kitu lazima kianzie kwake. Hapana, kifua kikibana ghafla, mdomo ukipinda, damu ikigoma kukata, wewe kimbia dharura moja kwa moja, yeye atapata taarifa baadae.