Toleo la zamani lipo palepale, ila data imeshahama

“Tuweke toleo jipya la programu kando, la zamani tuliache kama lilivyo. Jipya likikorofisha, tunarudi.” Kauli hii wateja huitoa kwa uhakika kabisa, tena dakika chache kabla ya kuhama, wakati hakuna tena nafasi ya kuwarekebisha. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ndiyo inayowagharimu.

Kilichowekwa kando ni programu. Data haikuwekwa kando. Matoleo mawili yanaweza kukaa kwenye folda mbili zisizogusana, na bado yote mawili yakafungua folda moja ya data iliyomo ndani ya AppData (kwenye Windows) au .config (kwenye Linux). Mara nyingi toleo jipya likiwashwa mara ya kwanza hubadilisha muundo wa data hiyo: linaongeza safu kwenye majedwali, linaandika namba mpya ya muundo, kisha linaendelea na kazi kimyakimya. Ukirudi kwenye la zamani, ama litakataa kufunguka, ama litafunguka na kuanza kuandika kwa muundo wake juu ya data iliyokwisha kubadilika. Afadhali likatae. Ndiyo maana Firefox, tangu toleo la 67 mwaka 2019, inaupa kila usakinishaji profaili yake (folda ya mipangilio na data ya mtumiaji), na toleo la zamani halikubali kufungua profaili iliyokwisha kutumiwa na jipya.

Mfano ulio wazi zaidi ni PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, programu za toleo la 14 ziko /usr/lib/postgresql/14, na data yake iko /var/lib/postgresql/14/main. Ukisakinisha la 16, kwa kawaida unapata pia klasta mpya (mkusanyiko wa hifadhidata unaoendeshwa na seva moja), tupu, inayosikiliza poti 5433, yaani namba ya mlango wa mawasiliano, kwa sababu 5432 imeshikwa. Hapo utasikia “tumeshahamia 16”. Hamjahamia popote. Endesha pg_lsclusters uone klasta zote mbili, poti zake na folda zake.

Kuhama kwenyewe ni hivi. Zima kila kinachoandika kwenye hifadhidata. Chukua nakala kwa pg_dumpall na uiweke kwenye diski nyingine. Hakikisha klasta ya 16 ni tupu kweli, kisha iondoe kwa pg_dropcluster --stop 16 main. Soma namba hiyo mara mbili, maana amri hii haikuulizi kama una uhakika. Halafu endesha pg_upgradecluster -v 16 14 main. Ikimaliza, 16 inachukua poti 5432, na 14 inasogezwa kwenye poti nyingine ikiwa imezimwa.

Sasa 14 ipo, nzima. Unaweza kurudi? Ndiyo, mpaka mtumiaji wa kwanza atakapoandika kitu kwenye 16. Kuanzia hapo data ya 14 ni picha ya saa uliyohama. Ukihama Ijumaa saa 4 usiku, ukarudi Jumatatu saa 3 asubuhi, oda na malipo yote yaliyoingia katikati hayamo. Hutaona ujumbe wowote wa kosa. Rekodi hazimo tu, na wa kwanza kugundua atakuwa mteja aliyelipa.

Mbaya zaidi ni kutumia pg_upgrade, zana ya PostgreSQL yenyewe ya kupandisha toleo, kwa chaguo la --link, linalopendwa kwa kasi yake. Haikopi mafaili ya data. Inayapa jina la pili ndani ya folda mpya, kwa hiyo folda mbili zinaelekeza kwenye mafaili yaleyale diskini. Seva mpya ikishawashwa hata mara moja, klasta ya zamani haitumiki tena. Faili pg_control la upande wa zamani hubadilishwa jina kuwa pg_control.old, ili mtu asiiwashe kwa bahati mbaya. Kuna wanaolirudishia jina lake wakidhani wamepata njia ya kurudi. Wanaharibu pande zote mbili kwa mpigo, na kilichobaki cha kuwaokoa ni ile nakala ya pg_dumpall, kama waliichukua.

Kwa hiyo saa ya mwisho ya kurudi ipangwe kabla ya kuhama, iandikwe, na kila mhusika aijue. Ukishahama, weka default_transaction_read_only = on, fungua kwa watu wachache, na endesha ripoti tatu ambazo majibu yake unayajua tayari. Ukitumia pg_upgrade moja kwa moja kuhamia toleo la 17 au la nyuma yake, endesha pia vacuumdb --all --analyze-in-stages, kwa kuwa takwimu za majedwali hazihamishwi. Bila hizo maswali yanayoulizwa hifadhidata huweza kuwa mazito na toleo jipya likasingiziwa ubovu. Ukiridhika, ruhusu kuandika. Na kama biashara haiwezi kabisa kupoteza kilichoandikwa baada ya hapo, tengeneza mapema replikesheni ya kimantiki (kunakili kila badiliko la data linapotokea) kutoka 16 kwenda 14 ukiwa na copy_data = false, maana data ya mwanzo ipo pande zote mbili. Haibebi mabadiliko ya muundo wa majedwali wala vihesabu vya namba za mfululizo. Hivyo utavisogeza kwa mkono. Njia hii haiendi pamoja na --link.

Kwa programu ndogo zinazotunza data kwenye SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili ndani ya folda ya programu), funga programu kwanza, kisha nakili folda yote ya data na uipe jina lenye namba ya toleo. Ukikopi faili kuu peke yake programu ikiwa wazi, maandishi yaliyomo kwenye faili lenye mwisho wa -wal yatabaki nyuma.

Zipo kauli nyingine zinazosikika mara nyingi. “Kusasisha juu ya la zamani ni uzembe.” Hapana. Kutoka 16.3 kwenda 16.4 muundo wa data ni uleule: unabadilisha programu, unawasha upya, basi. Ukiweka sahihisho la usalama kando huku la zamani likiendelea kuhudumia watu, tundu bado liko wazi.

“Hizi Visual C++ nyingi ni marudio, futa.” Hizi ni maktaba, yaani mafaili ya msimbo ambayo programu za Windows huyategemea. Ya 2015 hadi 2022 ni familia moja inayosasishwa mahali pamoja. Ya 2013 na za nyuma yake kila moja ina mafaili yake. Ukifuta ya 2013, programu inayohitaji msvcp120.dll haitafunguka, na ya 2022 haitaisaidia.

“Nimesasisha, imetosha.” Kwenye Linux faili jipya linawekwa diskini, lakini huduma iliyokuwa ikiendeshwa inaendelea na maktaba ya zamani mpaka iwashwe upya. Endesha needrestart, itakutajia huduma zipi.

“Windows nitairudisha nikitaka.” Baada ya kupanda toleo, nafasi ya kurudi kwa kawaida ni siku 10. Folda Windows.old ikishafutwa, hakuna pa kurudi.

Python nayo: usiigeuze /usr/bin/python3 ielekeze toleo ulilojisakinishia, kwani zana za mfumo zinaitegemea. Ukijenga kutoka kwenye msimbo, tumia make altinstall, upate python3.12 bila kugusa jina python3. Mazingira ya venv (folda ya mradi yenye vifurushi vyake vya Python) ya 3.11 usiyavute kwenda 3.12. Hifadhi orodha ya vifurushi kwa pip freeze, tengeneza venv mpya, usakinishe upya humo.