Mshahara mmoja, nyumba mbili: familia za wahamiaji na gharama za maisha

Familia ya wahamiaji inapokuja kuomba ushauri kwa sababu maisha yamepanda, kwa kawaida tunaanza na kodi ya nyumba, chakula, umeme na nauli. Tunajumlisha, tunatoa kwenye mshahara, na hesabu inagoma. Pesa ilipaswa kubaki kidogo, lakini haibaki. Inagoma kwa sababu ipo nyumba ya pili ambayo haikutajwa: wazazi waliobaki, mdogo anayesomeshwa, mgonjwa wa dawa za kila mwezi, na mara nyingi deni la safari yenyewe. Siku hizi tunaiulizia nyumba hiyo mapema, tena kwa upole, maana wengi huificha wakidhani wataambiwa waache kutuma.

Hatumwambii mtu aache. Kwa wengi, kutuma ndiko kulikowafanya waondoke. Tunachoomba watazame ni kile kinachopotea njiani. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 gharama ya kutuma fedha nje ishuke chini ya asilimia 3 ya kiasi kinachotumwa. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, wastani wa dunia kwa anayetuma dola 200 umeendelea kuwa zaidi ya asilimia 6. Chukua mtu anayetuma kiasi hicho kila mwezi: kwa asilimia 6 anapoteza dola 144 kwa mwaka, kwa asilimia 3 angepoteza 72. Tofauti hiyo ni viatu vya watoto.

Gharama hiyo ina sehemu mbili. Ada huonekana kwenye risiti. Kiwango cha kubadilisha fedha hakionekani kirahisi, na ndiko wengi wanakoumia, hasa pale tangazo linaposema huduma haina ada. Kwa hiyo uliza swali moja tu: nikilipa kiasi hiki leo, anayepokea atapata ngapi mkononi? Uliza kwa watoa huduma watatu siku hiyohiyo, ndipo ulinganishe. Na kama ada ni ileile kwa kiasi kidogo na kikubwa, kutuma mara moja kwa mwezi ni nafuu kuliko vipande vinne vya kila wiki.

Deni la safari lina mambo yake. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa kuzungukia. Si nchi zote zilizouridhia, na mkataba wenyewe unaruhusu vighairi. Hata hivyo, anayekatwa mshahara ili wakala alipwe aende kwanza kwa chama cha wafanyakazi au watoa msaada wa kisheria, kabla hajakubali kwamba deni hilo ni halali. Mwajiri akikushikia pasipoti mpaka umalize kulipa, jambo hilo limeshatoka kwenye bajeti. Shirika hilohilo linahesabu kuzuia hati za mtu kuwa miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa.

Kodi ya nyumba haibaniki, kwa hiyo kinachobanwa ni chakula, na mama ndiye anayeanza kuruka mlo bila kumwambia mtu. Hili linatuumiza zaidi kwa sababu msaada huwa upo na hautumiwi. Wazazi wanaogopa kwamba kujiandikisha popote kutaharibu kibali chao. Sheria hutofautiana, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Muulize mwanasheria wa msaada, usiulize uvumi. Lakini fahamu kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, uliokubaliwa na karibu nchi zote duniani, unakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya hali ya mzazi wake. Shule na tiba ya mtoto ni mahali pa kuanzia.

Wengi wanajikimu kwa upatu, na ni njia nzuri kwa mtu ambaye benki bado haimwamini. Udhaifu wake unajulikana: aliyepokea mapema akihama, wa mwisho anabaki mikono mitupu. Wekeni zamu na majina kwenye maandishi, na mchango uwe mdogo kiasi cha kutomuumiza yeyote akiupoteza.

Kuna kazi moja ambayo hakuna benki itakayoifanya kwa niaba yenu, nayo ni kuwaeleza walio nyumbani ukweli. Wanaona picha za majengo na nguo nzuri. Hawaoni zamu za usiku wala chumba cha watu sita. Anayeona aibu hukopa ili atume, na mkopo wa haraka una riba ya kuvunja mgongo. Familia zilizopata nafuu, kwa tulivyoona, zilikubaliana na ndugu zao kiasi maalumu na tarehe maalumu, na zikatenga fungu dogo la dharura ili si kila simu ya usiku iwe mkopo mpya. Baadhi waliwasomea wazazi hati ya mshahara neno kwa neno, pamoja na makato. Simu ya kwanza ya namna hiyo huwa ngumu. Wanaotaka, tunakaa nao wakiipanga.