Umepunguzwa kazi Dar, unahamia Mbeya au Iringa: yanayosemwa na ukweli wake

"Acha kazi mwenyewe kabla hawajakupunguza, uwahi kuhama."
Ushauri huu umeziumiza familia nyingi. Ukiandika barua ya kuacha kazi, unakosa kiinua mgongo cha kisheria pamoja na fao la NSSF la kupoteza ajira. Ukipunguzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa notisi ya siku 28 kama unalipwa kwa mwezi, na mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa hiyo aliyetumika miaka 14 anahesabiwa siku 70, si 98. Panga bajeti ya lori na kodi ya nyumba kwa hesabu hiyo.

"Mwajiri lazima akusafirishe hadi kwenu."
Kifungu cha 43 cha sheria hiyo ya 2004 kinataja mahali ulipoajiriwa, hakitaji kwenu. Mtu wa Tukuyu aliyepata kazi akiwa tayari anaishi Dar hana dai la nauli ya Tukuyu. Aliyeajiriwa Iringa kisha akapelekwa Dar anadai usafiri wake na wa mizigo yake, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazousubiri. Ushahidi ni barua ya ajira, basi isifungwe ndani ya maboksi.

"Nikishafika Mbeya nitafungua madai hukohuko."
Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ina ofisi mikoani, lakini mgogoro hupelekwa kwenye ofisi ya eneo ulikotokea. Dai la kuachishwa kazi isivyo halali lina siku 30, madai mengine siku 60. Wengi hushtuka muda umeisha, wao wako Uyole, Mbeya, wanatafuta chumba. Wasilisha fomu kwanza, lori lipakiwe baadaye.

"Huko ardhi ipo, tukifika tutalima tule."
Hapa ndipo akiba inapoteketea. Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja mkuu wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei. Hakuna vuli na masika kama Pwani. Mahindi hupandwa Novemba na Desemba, huvunwa kuanzia Juni, na kwenye baridi kali huchelewa zaidi. Familia inayofika Machi itanunua unga kwa miezi 15 au zaidi kabla ya kula mahindi yake. Ukitaka kulima, kodi shamba kabla ya Oktoba, na pesa ya mbegu na mbolea itenge mbali na kodi ya nyumba. Penye umwagiliaji, kama mabonde ya Mbarali, kalenda ni nyingine.

"Kote ni baridi, mbu hakuna."
Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni joto na malaria ipo. Beba vyandarua. Mablanketi ni ya Mbeya mjini, Njombe na Makete, hasa Juni na Julai.

"Mizigo tutaituma Iringa kwa treni."
TAZARA inapita Makambako na Mbeya. Iringa mjini haifiki.

"Watoto wote wahame siku moja."
Aliye Darasa la 7 au Kidato cha 4 akishasajiliwa NECTA (Baraza la Mitihani), mtihani wake uko shule ileile. Mwache kwa shangazi au mjomba hadi amalize: Septemba kwa wa msingi, Novemba kwa wa sekondari. Wengine waombewe uhamisho mapema ili waanze Januari, na mzazi apate uthibitisho wa shule inayowapokea kabla ya kulipa kodi ya nyumba, kwa sababu shule ya karibu inaweza kuwa imejaa.