Je, wajua kwa nini uyoga huanzwa kwa maji kabla ya mafuta?

Anayekaanga uyoga kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: mafuta aliyoyamimina hutoweka kikaangoni kufumba na kufumbua, na dakika chache baadaye uyoga uleule huanza kutoa maji tele. Wengi huongeza mafuta katika hatua ile ya kwanza, na hapo ndipo mboga nyepesi inapogeuka nzito.

Sababu imo katika maumbile ya uyoga wenyewe. Ukiuchana uyoga wa mamama kwa vidole, utaona unaachana kwa nyuzi, na kati ya nyuzi hizo mna nafasi nyingi zenye hewa, ambamo mafuta hupenya kama yanavyopenya katika sifongo. Gramu 100 za uyoga mbichi zina kalori zipatazo 30 tu, ilhali kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban 120, kwa hiyo anayeongeza vijiko viwili bila kufikiri huwa anapata kalori nyingi zaidi kutoka kwa mafuta kuliko kutoka kwa uyoga.

Maji huondoa tatizo hilo. Weka uyoga uliokatwa kikaangoni pamoja na vijiko viwili vya maji na chumvi kidogo, kisha ufunike. Joto huvunja chembe za uyoga, nazo huachilia maji yake, ambayo ni kama asilimia 90 ya uzito wote. Nyuzi hulala, zile nafasi za hewa hujifunga, na mafuta yanayokuja baadaye hubaki juu, yakitosha kwa kijiko kimoja. Maji hayo yasimwagwe, kwa kuwa yamebeba potasiamu na sehemu ya vitamini za kundi B. Funua kikaango, uyaache yakauke humo humo.

Je, uyoga hautavurugika kwa kuchemka hivyo? La. Mchicha hulegea kwa sababu gundi inayoshikanisha chembe zake huyeyuka kwa joto, lakini kuta za chembe za uyoga zimejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilichomo katika gamba la kamba wa baharini, ambacho hakiyeyuki kwa moto wa jikoni. (Uimara huo usichanganywe na usalama: sumu za baadhi ya uyoga wa porini nazo hazivunjwi na kuchemsha.)

Kinachohitaji kusikilizwa kwa subira ni sauti ya kikaango. Maji yakiwapo, kikaango hutokota, na joto haliwezi kupita nyuzijoto 100 za Selsiasi, hivyo uyoga hauwezi kupata rangi ya kahawia. Yakikauka, mtokoto hugeuka mtatariko mkavu, na huo ndio wakati wa kutia kile kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu maji na kitunguu saumu. Nyanya zisubiri hadi kingo za uyoga zibadilike rangi, la sivyo zitarudisha majimaji uliyokwisha kuyakausha.