Watazamaji si waliopita mlangoni

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye saluni ya kiume pale Mwanga, hapa Kigoma, nikimsubiri mwanangu anyolewe. Kijana aliyeshika mashine alikuwa anabishana na mteja wake kuhusu mashindano ya kuimba ya kwenye televisheni, Eurovision ya Ulaya na American Idol ya Marekani. "Eurovision ndiyo baba lao," akasema. "Mwaka 2025 ilitazamwa na watu milioni 166. American Idol siku yao kubwa kabisa walipata milioni 38 tu." Mteja akakosa la kujibu, maana namba zote mbili ni za kweli. Mimi nilikuwa na la kujibu, lakini wembe ulikuwa shingoni kwa mtu, nikanyamaza. Ubishi wa aina hii nimeusikia mara nyingi mno, redioni, kwenye daladala ya Ujiji, hata kwa watu waliosoma, na kila mara kosa ni lile lile: neno "watazamaji" limebebeshwa hesabu mbili zisizo na udugu.

Maana yenyewe ni fupi. Watu wa televisheni wanapotaja idadi ya watazamaji wa kipindi, kwa kawaida wanataja wastani: katika kila dakika ya kipindi, tangu kinaanza hadi kinakwisha, walikuwapo wangapi? Unajumlisha dakika zote, unagawa. Waliofikiwa ni hesabu nyingine. Hapo kila aliyekaa walau kwa muda mfupi uliowekwa, mara nyingi dakika moja au chache tu, anahesabiwa mtu mzima hata kama aliondoka na hakurudi. Halafu kuna kilele, yaani dakika iliyojaa kuliko nyingine zote.

Tofauti hiyo mimi sikuisoma kitabuni, niliikalia mlangoni. Kaka yangu alikuwa na banda la kuonyesha mpira na video kule Kibirizi, karibu na mwalo, mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyofungwa juu ya kabati lenye kufuli. Kazi yangu ilikuwa kupokea kiingilio na kuandika mistari kwenye daftari, minne minne, wa tano unaikata. Usiku wa fainali ya mashindano ya kuimba mistari ilijaa ukurasa, na kaka akifungua daftari asubuhi alifurahi. Ila mimi niliyekuwa nageuka kuchungulia ndani nilijua kwamba mabenchi hayakuwahi kujaa kama daftari lilivyosema. Mmoja aliingia, akaona anayeimba si yule anayempenda, akatoka kununua mihogo ya kukaanga, akaishia huko. Mwingine aliingia mwishoni kabisa kusikia nani kashinda.

Chukua mfano. Tuseme kipindi ni cha dakika 120 na mlangoni wamepita watu 90. Kati yao 30 walikaa mwanzo hadi mwisho. Waliobaki 60 walikaa nusu saa kila mmoja, kumi mwanzoni na hamsini wakati wa kutangaza mshindi. Daftari linasema 90, hao ndio waliofikiwa. Nusu saa ya mwisho mabenchi yana watu 80, hicho ni kilele. Wastani sasa: wale 30 wanahesabiwa wote, na wale 60 kwa kuwa walikaa robo ya muda wanakuwa sawa na 15. Jumla 45. Banda moja, usiku mmoja, na namba tatu zote za haki: 90, 80 na 45. Anayetaka kuuza tangazo atakutajia 90. Anayelinunua anapaswa kuuliza ya 45.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chetu kilishatenganisha mambo haya zamani, sisi ndio tunayachanganya. Kuona si kutazama. Jicho likikutana na kitu, umekiona, hata kama hukutaka. Kutazama ni kukielekezea jicho na kulituliza hapo. Ndiyo maana mtu anasema "nilitazama nisione", na hakuna anayeshangaa. Huku Bara tunapenda zaidi kusema kuangalia, "naangalia tivii", na hilo halina shida, kwa sababu kuangalia nako kuna kukusudia ndani yake: "angalia usianguke" ni onyo la kutuliza akili. Tena kutokana na kutazama tumepata kutazamia, yaani kungoja jambo ukitarajia litokee. Mtazamaji, kwa asili ya neno lenyewe, ni mtu anayekaa akingoja kinachofuata. Aliyepita mlangoni akaona sura ya mwimbaji kwa dakika moja ameona. Hakutazama.

Hadhira nalo ni hivyo hivyo. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kuwapo mahali, na ndugu zake tunao kila siku: kuhudhuria, mahudhurio, hadharani. Mwalimu yeyote wa Kigoma anajua kwamba daftari la mahudhurio haliandikwi kwa kuhesabu waliowahi kupita getini mwezi mzima. Unaita majina leo, unaita kesho, kisha mwisho wa mwezi unatafuta wastani. Mtoto aliyekuja siku moja hafanywi sawa na aliyekuja siku zote ishirini. Hadhira ya kipindi ni mahudhurio ya dakika kwa dakika, na neno letu lilikuwa linatuambia hivyo tangu siku ya kwanza.

Sasa zirudishe zile namba za saluni. Ile milioni 166 ya Eurovision ya Basel, Mei 2025, ni idadi ya watu waliofikiwa, kwa hesabu za waandaaji wenyewe, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya. Ni jumla ya masoko 37, na si usiku mmoja: ni nusu fainali mbili pamoja na fainali, ambayo huku kwetu huanza saa nne usiku. Hilo ni daftari la mlangoni, la mabanda 37, kwa siku tatu. Milioni 38 ya American Idol ni ya usiku wa tarehe 21 Mei 2003, Ruben Studdard alipomshinda Clay Aiken, na ni wastani, nchi moja, kipindi kimoja. Hayo ni mabenchi. Huwezi kuweka daftari la mmoja na mabenchi ya mwingine kwenye mzani mmoja ukasema huyu kamzidi yule. Sisemi kwamba Eurovision ni ndogo. Ni kubwa sana, na huenda ukitafuta wastani wake nchi kwa nchi ukajumlisha bado itaipita ile ya Marekani. Lakini huo ungekuwa ubishi mwingine, wenye namba nyingine.

Na mabenchi ya nchi nzima yanahesabiwaje? Hakuna anayehesabu vichwa vyote. Uingereza, kwa mfano, BARB, shirika linalopima watazamaji, kwa miaka mingi lilitumia kaya kama 5,100 zilizochaguliwa kwa uangalifu zifanane na nchi nzima. Kwenye televisheni kuna kifaa, na kila mtu wa nyumbani ana kitufe chake: akikaa anabonyeza, akiondoka anabonyeza. Kila kaya ilisimama badala ya kaya takriban elfu tano. Marekani kazi hiyo hufanywa na kampuni ya Nielsen, ambao mpaka mwaka 2020 hesabu zao za taifa hazikujumuisha wanaotazama nje ya nyumbani, kwenye baa na mahoteli. Ningependa watu wa Kibirizi walisikie hilo. Kipimo kinachokaa sebuleni kisingeliona banda la kaka yangu hata kidogo, na kwetu banda ndiyo sebule ya watu wengi.

Kosa la pili lina heshima kidogo kwa sababu linatoka kwenye uchungu. Mwaka 2010 Peter Msechu, ambaye baadaye tulimsikia na wenzake wa Kigoma All Stars, kundi la wasanii wa kwetu, alifika mwisho wa Tusker Project Fame, mashindano ya kuimba ya Afrika Mashariki, akawa wa pili, nyuma ya Davis wa Uganda. Maneno niliyoyasikia hapa mjini wiki ile yalikuwa, "Waganda walitazama wengi kuliko sisi." Nao waliosema hawakuwa wajinga, walikuwa wameumia. Lakini kutazama hakumpi mtu ushindi. Kura ndiyo humpa. Kura huihesabu kampuni ya simu, hadhira huhesabiwa na kifaa cha sebuleni, na mtu mmoja anaweza kuwa mtazamaji mmoja na kura arobaini. Kwenye fainali ya American Idol ya mwaka 2006, aliyoshinda Taylor Hicks, zilitangazwa kura zaidi ya milioni 63, huku wastani wa watazamaji ukiwa kama milioni 36. Kama kura ingekuwa mtazamaji, karibu nusu ya waliopiga wangekuwa hawapo duniani. Na kinyume chake kipo: nina shangazi Mwandiga, enzi hizo hakuwa na umeme, aliyetuma ujumbe wake kwa Msechu kila alipopata vocha, bila kuona kipindi hata kimoja. Kura alipiga. Kwenye hadhira hayumo.

Kuna neno moja zaidi linalopotoshwa, nalo ndilo linalohusu ratiba: mgao. Idadi inauliza ni wangapi wametazama. Mgao unauliza, kati ya wote waliokuwa wanatazama televisheni saa ile, ni sehemu gani walikuwa kwetu? Wavuvi wa dagaa watanielewa upesi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwa na kazi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, boti zinapumzika, na wanaume wapo nchi kavu. Banda la kaka lilijaa siku za mbalamwezi na kupwaya siku za giza, kipindi kikiwa kile kile, saa ile ile, waimbaji wale wale. Mtu wa Dar es Salaam angeona namba zimeshuka akasema shindano limechuja. Halikuchuja, watu walikuwa ziwani. Na ukienda kwenye banda la jirani usiku huo ungekuta nalo limepwaya vile vile, maana yake mgao wetu haukutikisika. Idadi ilishuka, mgao ukabaki. Anayepanga ratiba asipojua kutenganisha hayo mawili atakifuta kipindi kizuri kwa kosa la mwezi.

Ratiba, kwa njia, ni ndugu wa utaratibu, mzizi mmoja wa Kiarabu wa kupanga kitu baada ya kitu. Na hapo ndipo nguvu yake ilipo: si saa peke yake, ni nini kimetangulia. Tarehe 5 Februari 2012 The Voice ya Marekani, nayo ya kuimba, iliwekwa mara tu baada ya fainali ya mpira wao, Super Bowl, ikapata wastani wa milioni 37 na ushee. Kesho yake, Jumatatu, kwenye nafasi yake ya kawaida, ilipata karibu nusu ya hapo. Waimbaji hawakuharibika sauti usiku mmoja. Wale wengine walirithiwa kutoka kwenye mpira, walikuwa bado wamekaa. Kaka yangu alilijua hilo bila kusoma popote: kama kulikuwa na mechi ya Simba na Yanga jioni, hakuzima televisheni hata dakika moja kati ya mechi na kipindi cha kuimba, na mimi mlangoni sikutoza tena waliokuwa ndani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa pale Mwanga, siku mteja huyo akirudi kunyoa na mazungumzo yakirudi hapo, namba zako usizitupe. Sema tu hivi: Eurovision ya 2025 iliwafikia watu milioni 166 kwa siku tatu, na fainali ile ya 2003 ilikuwa na wastani wa watazamaji milioni 38 kwa usiku mmoja. Halafu umwache yeye aulize kufikiwa ni nini.